SABUNI YA MAWESE NA CHUPA ISIYO NA JINA

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda umalizikapo, kamba za kuanikia nguo katika mji wa Kamembe hulemewa. Suruali zenye udongo mwekundu, vitenge, nguo za watoto na, katika nyumba za askari, sare zilizorejea na jasho la juma zima, zote hungoja siku hiyo hiyo moja. Hapo ndipo mama wa nyumbani agunduapo kwamba kipande cha sabuni alichokinunua juzi kimebaki cha kushika kwa ncha za vidole, na hapo ndipo wazo la kujitengenezea sabuni limjiapo.

Wazo hilo ni jema, na wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, ni mahali panapolifaa. Upande wa kusini iko Bugarama, nchi ya joto inayoteremka hadi ukingo wa mto Rusizi, mahali palipo chini kuliko pote katika Rwanda, takriban mita 950 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya mto ni Kongo, na mbele kidogo ni Burundi, ambako michikichi ya Rumonge imestawi kando ya Ziwa Tanganyika. Mawese, kwa hiyo, si kitu cha kutafutwa kwa taabu katika masoko ya pande hizi. Kinachotafutwa ni maarifa, na maarifa hayo yanakosekana zaidi katika jambo moja tu, nalo ndilo lililosababisha makala haya: soda kali.

Mke kijana wa askari polisi mmoja, aliyehamia Kamembe pamoja na mumewe, aliamua kujaribu kazi hiyo. Alinunua mawese lita moja, akanunua soda kali iliyofungwa katika kikaratasi, akaikoroga katika maji kama alivyosikia. Maji yalifuka na kuchemka yenyewe bila moto. Kwa kuwa jioni ilikuwa imeingia na mtoto mdogo alikuwa akilia njaa, aliyaacha yapoe, akayatia katika chupa tupu ya soda ya kunywa, akaiweka chini ya meza ili amalizie kazi kesho. Jirani yake, mama wa makamo ambaye amepika sabuni kwa miaka mingi, alipita kuomba chumvi. Aliiona chupa. Aliiona na mikono ya mtoto wa miaka miwili, ambayo tayari ilikuwa imekwisha kuizunguka.

"Mwanangu, chupa hii ina nini?" aliuliza, huku akiichukua.

"Ni maji ya sabuni tu, mama."

"Haya si maji ya sabuni. Sabuni bado haijazaliwa. Haya ni moto."

Mtoto hakuonja. Laiti angalionja, kinywa na koo vingaliungua papo hapo, na jeraha la koo la namna hiyo hata likipona huacha kovu linaloziba njia ya chakula, hata mtoto akashindwa kumeza kitu kigumu kuliko uji. Hospitali za nchi nyingi za Afrika huwapokea watoto wa aina hii, na historia yao aghalabu ni ile ile: maji meupe, chupa ya kinywaji, mahali pa chini. Soda kali iliyoyeyuka haina rangi. Haina harufu ya kumwonya mtu. Inafanana na maji kuliko maji ya ziwa yanavyofanana na maji.

Soda hiyo, ambayo sokoni huitwa kostiki, ndiyo inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Mafuta na soda vikikutana, mafuta huvunjika, na vitu viwili vipya hupatikana: sabuni na glisirini. Mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, ndiye aliyelieleza jambo hilo kwa undani katika kitabu alichokitoa mwaka 1823, ingawa watu walikuwa wamepika sabuni kwa karne nyingi kabla yake bila kulijua. Maana yake kwa mama wa nyumbani ni hii: soda ikiwekwa kwa kipimo cha haki, yote hutumika, na katika kipande kilichokomaa hakuna tena soda kali. Ikizidi, ile ya ziada hubaki ndani, ikangoja mikono ya mfuaji na kola ya shati.

Hapa ndipo vipimo vya kikombe na kijiko vinapowaponza wengi. Lita moja ya mawese haina uzito wa kilo moja. Ina gramu 900 na kitu. Kijiko kimoja cha soda ya chembechembe hakilingani na kijiko cha soda ya vipande bapa. Wala mafuta yote hayali soda sawa. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 140 za soda kali ili igeuke yote, lakini mafuta ya kokwa za mchikichi, ambayo watu wa Kigoma huyaita mise, huhitaji zaidi ya gramu 170 kwa kilo. Mtu akichukua kipimo cha mise akakitumia kwa mawese, atakuwa amepika kitu cha kuchubua ngozi. Dawa yake ni mizani. Asiye nayo amwombe mwenye duka ampimie mafuta na soda mbele yake, kila kimoja peke yake, kisha ayaandike.

Kipimo ambacho yule jirani alimfundisha mke wa askari ni cha tahadhari, nacho kinafaa kwa anayeanza: mawese kilo 1, soda kali gramu 130, maji gramu 350. Soda imepunguzwa kidogo makusudi, ili mafuta kiasi kidogo yabaki bila kugeuka na sabuni isiwe kali. Maji yawe ya mvua. Kazi ifanyike nje au mahali penye upepo, watoto wakiwa wamepelekwa kwa jirani, wala si kuambiwa tu wakae mbali. Mpikaji avae glavu za mpira, miwani, nguo ya mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Chombo kiwe cha plastiki ngumu au cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini haifai kabisa, kwa kuwa soda huila na kutoa hewa inayoshika moto.

Kanuni moja haina msamaha. Soda hutiwa katika maji, kidogo kidogo, huku maji yakikorogwa kwa mwiko. Maji hayamwagiwi juu ya soda. Anayefanya kinyume huona mchanganyiko ukichemka ghafula na kumrukia usoni. Hata kwa njia iliyo sawa maji yatapanda joto sana na kutoa mvuke unaokereketa, kwa hiyo mpikaji asiinamie chombo. Akiisha kukoroga, asubiri hapo hapo hadi yapoe na kuwa vuguvugu. Hayo ndiyo aliyokosa mke kijana: alianza kazi ya saa mbili ilhali alikuwa na nusu saa. Soda iliyokwisha kuyeyushwa hailazwi. Asiye na wakati wa kuimaliza kazi siku hiyo asiifungue hata ile karatasi.

Mawese nayo hupashwa moto kidogo hadi yawe vuguvugu, kisha maji ya soda humiminwa ndani yake polepole. Mpikaji hukoroga kwa upande mmoja bila kuchoka, na wengine hukoroga zaidi ya saa moja. Mchanganyiko huanza kuwa mzito kama uji wa mgonjwa, halafu kama uji wa ulezi, na mwiko ukiinuliwa, matone yake huacha alama juu badala ya kuzama. Hapo umeiva. Humiminwa katika kisanduku cha mbao kilichotandikwa majani ya mgomba yaliyopitishwa juu ya moto ili yalainike. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kwa sheria ya mwaka 2008, na kwa kazi hii haikosekani: jani la mgomba huachana na sabuni vizuri.) Baada ya siku moja au mbili sabuni hukatwa vipande, bado kwa glavu, na kupangwa juu ya ubao mahali pa kivuli penye hewa, vipande visigusane.

Kisha huja sehemu ambayo wengi hawaipendi, nayo ni kungoja. Majuma manne ni machache. Sita ni bora. Katika siku hizo soda humaliza kazi yake, maji hutoka, na kipande huwa kigumu kisichoyeyuka upesi katika beseni. Kilo ile moja ya mawese hutoa takriban kilo moja na robo ya sabuni kavu. Kipande chenye vijishimo vya majimaji au chembe nyeupe za kukwaruza ndani yake kisitumike. Dalili hizo huonyesha kwamba soda haikuchanganyika, na kipande hicho ni cha kuyeyushwa na kupikwa upya na anayejua, wala si cha kupewa mtoto aoshee soksi.

Je, kazi hii huleta faida ya fedha? Jibu la haki ni kwamba si kila mara. Mawese yakiwa ghali sokoni, kilo moja hufaa zaidi katika sufuria ya maharage kuliko katika kisanduku cha sabuni, na mama mwenye busara huandika bei ya mafuta, soda na kuni kabla ya kuanza, akailinganisha na bei ya miche ya dukani yenye uzito ule ule. Faida huja kwa yule apatae mawese yaliyoanza kuchacha au mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika, akayachuja vizuri. Sabuni haijali kwamba mafuta yameharibika kwa ulimi. Wanawake watano au sita wa nyumba za jirani wakinunua pamoja, wakapima kwa mizani moja na kupika siku moja chini ya macho ya anayejua, hupata nafuu zaidi, na watoto wao wote hukaa nyumba moja na mlinzi mmoja.

Biashara ya mawese na sabuni ina historia yake katika eneo hili, na si yote ya kupendeza. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, ambaye utajiri wake ulitokana na sabuni ya Sunlight, alipewa na serikali ya Ubelgiji haki ya kuvuna michikichi katika maeneo makubwa ya Kongo. Mafuta yaliyochumwa kwa jasho la watu wa huko, na mara nyingi kwa shuruti, yalivuka bahari kwenda viwandani Ulaya. Mafuta yalitoka kwa bei ya chini. Sabuni ilikuwa na bei yake.

Jambo la pili ambalo mke wa askari hakulijua ni maji. Kipande chake cha kwanza, kilichokomaa majuma sita, kilitoa povu dogo sana alipofua kwa maji ya ziwa, na nguo nyeupe ilibaki na ukungu wa kijivu. Alidhani amekosea kipimo. Hakuwa amekosea. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvichumvi nyingi, hasa za magnesi, ambazo huingia ziwani kutoka katika miamba ya volkano na chemchemi zilizo chini ya maji. Sabuni ya mafuta ikikutana na chumvichumvi hizo hugandana nazo na kuwa utando mweupe unaoelea, na utando huo hausafishi kitu. Hung'ang'ania uzi wa nguo. Maji yapitayo katika mawe ya chokaa, kama yale ya upande wa Bugarama yalikotoka mawe ya kiwanda cha saruji cha Cimerwa, nayo hutenda hivyo hivyo. Sabuni za unga za viwandani zimeundwa kuyavumilia maji ya namna hiyo, na katika jambo hili zinaishinda sabuni ya nyumbani. Hakuna haja ya kuficha.

Mtu anaweza kujionea mwenyewe. Achukue vyombo viwili vyenye kifuniko, kimoja akitie maji ya mvua na kingine maji ya ziwa, kila kimoja akiweke kipande kidogo cha sabuni sawa na punje ya mahindi, akitikise. Katika cha mvua povu litapanda na kukaa. Katika cha ziwa maji yatakuwa kama maziwa yaliyokatika. Rusizi haikosi mvua kwa miezi mingi ya mwaka, na nyumba yenye bati na pipa lenye kifuniko ina maji bora ya kufulia bila gharama. Taabu ni kiangazi, kuanzia Juni hadi mwanzo wa Septemba. Wakati huo maji ya mvua yaliyohifadhiwa yawekwe kwa kupaka na kusugua sabuni, na maji mengine yatumike kuloweka na kuondoa tope kabla sabuni haijagusa nguo.

Kufulia ndani ya ziwa lenyewe ni jambo jingine. Sabuni, hata ya mawese, huumiza samaki wadogo wa ufukweni, na isambaza ni mboga ya nyumba nyingi za hapa. Tena konokono wa kichocho hukaa kando ya maji, na asimamaye ndani kwa saa nzima akifua huwapa wadudu wa ugonjwa huo miguu yake. Maji na yachotwe, nguo zifuliwe uani, na maji machafu yamwagwe shimoni mbali na kisima.

Wako wasemao kwamba soda kali iachwe kabisa na watu warudie mimea na majivu. Hoja hiyo ina uzito wake. Majivu ya maganda ya ndizi yana potasi nyingi; yakitiwa katika ndoo iliyotobolewa chini na kutandikwa nyasi, kisha yakamwagiwa maji ya mvua polepole, hutoa maji ya rangi ya chai ambayo yakilowekewa nguo ya pamba yenye mafuta huifungua vizuri. Majani mabichi ya mpapai yaliyotwangwa nayo hutumika tangu zamani kama sabuni na kuondolea madoa. Lakini neno la asili lisimlaze mtu. Maji ya majivu yakichemshwa hadi yawe mazito huunguza ngozi na macho. Mmea ambao Wanyarwanda huuita umwokora, na Waethiopia endod, una matunda yatoayo povu zuri. Mwaka 1964 mtaalamu wa Ethiopia, Aklilu Lemma, aligundua kwamba mahali wanawake walipofulia kwa matunda hayo konokono wa kichocho walikuwa wamekufa. Ugunduzi huo ulimpatia sifa duniani. Ila povu hilo hilo huua samaki, na matunda yenyewe ni sumu kwa mtu ayalaye. Ni ya asili, na chupa yake nayo yahitaji kuandikwa jina.

Kwa sare, machache yatosha. Sare ya mabakabaka isitiwe javeli wala wanga. Rangi hupotea na kitambaa hukakamaa bila faida. Bereti ya sufi isiguswe na maji ya majivu, magadi wala soda, kwani vitu hivyo huila sufi. Ioshwe kwa maji baridi na sabuni kidogo iliyokomaa, ikaushwe kivulini juu ya bakuli lenye ukubwa wa kichwa. Damu huloweshwa kwa maji baridi, kamwe si ya moto. Mafuta ya silaha au ya injini hupakwa sabuni kavu kabla ya nguo kulowa. Shati lenye kola ya kusimama linaweza kutiwa wanga wa muhogo: muhogo mtamu hukunwa, hukamuliwa ndani ya maji, maji huachwa yatulie, na ule unga mweupe wa chini hukaushwa. Kijiko kimoja katika maji baridi kidogo, kisha maji ya moto lita moja, hutosha mashati matatu. Na javeli isichanganywe na ndimu wala siki kwa kutumaini weupe zaidi; mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayobana kifua.

Soda kali ikimwangukia mtu ikiwa kavu, hupanguswa kwanza, kisha ngozi humwagiwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 walau, na nguo iliyolowa huvuliwa. Jicho huoshwa kwa maji safi nusu saa bila kukoma, hata kama mgonjwa analia. Asipakwe ndimu, siki wala mafuta. Aliyemeza asitapishwe, maana soda itaunguza koo mara ya pili inapopanda. Asukutue kinywa kwa maji na apelekwe hospitali mara moja, au ipigwe namba 912 ya gari la wagonjwa, na chombo cha soda kichukuliwe kionyeshwe daktari.

Mke wa askari sasa hupika mara moja kila baada ya miezi miwili, pamoja na majirani wanne. Mumewe, ambaye hapo kwanza aliicheka kazi hiyo, alitengeneza kisanduku cha mbao chenye kufuli na kukipigilia ukutani juu kuliko kichwa chake mwenyewe. Soda hukaa humo, katika kopo lake lile lile la dukani, pamoja na mizani na daftari la vipimo.

"Na ile chupa, mwanangu?" jirani alimwuliza siku walipokata vipande vya kwanza.

"Nilimwaga soda shimoni kwa maji mengi, mama, nikaitoboa."

"Uliitoboa?"

"Tundu tatu. Isije mtu akaokota akatia maji ya kunywa."